Mistari Myeusi Haijawahi Kukuibia Kitu

Wasee, kuna swali naulizwa karibu kila wiki: mbona video zako zingine ziko na mistari myeusi juu na chini, si ujaze tu skrini? Leo nalijibu mara moja na nisilijibu tena. Jibu ni refu kidogo, juu swali lenyewe lina zaidi ya miaka 70 na limewahi kufika hadi kortini. Lakini wacha nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana nilikuwa na kazi ya kando ya kuhamisha kanda na DVD za zamani ziingie kwa simu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, kompyuta ninayo, muda ninao, na mtaani kila nyumba iko na DVD ya harusi iliyokwaruzwa ndani ya droo. Mama mmoja jirani akaniletea ya harusi yake ya 2003. Babake alikuwa amefariki, na familia ilitaka klipu fupi ya kuweka status siku ya kumkumbuka. Akaniambia, "Kijana wangu, nitolee tu pale tumesimama wote kupigwa picha."

Rahisi. Nikatafuta ile sehemu, nikaona picha ni ya umbo la TV za zamani, nikajua kwa simu itaacha nafasi nyeusi kubwa juu na chini. Nikaona hiyo haipendezi. Nikaivuta mpaka ikajaa skrini. Bwana na bibi harusi wako katikati, safi kabisa. Nikatuma, nikalipwa bob 300, nikaenda kula chapo.

Jioni akanipigia. Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo iliniuma. Aliniuliza tu, "Kijana, baba yangu umempeleka wapi?"

Mzee alikuwa amesimama mwisho wa mstari, upande wa kushoto, na kofia yake na bakora. Si unajua venye wazee wetu husimama kwa picha za harusi: katikati wanawaachia maharusi, wao wanakaa pembeni. Mimi nilikuwa nimechukua klipu iliyotengenezwa kwa ajili yake, nikamtoa yeye ndani.

Nilidhani ni ujinga wangu peke yangu. Nilipoanza kusoma, kumbe ni kosa lenye historia ndefu, na limefanywa na watu wenye pesa na akili kuniliko.

Hesabu kidogo kwanza

Uwiano wa picha ni upana ukigawanywa kwa kimo. TV ya zamani ni 4 kwa 3, yaani 1.33. TV ya sasa ni 16 kwa 9, yaani 1.78. Simu ukiishika wima ni kama 9 kwa 16, yaani 0.56. Filamu nyingi za sinema ni 1.85 ama 2.39.

Ukiweka picha ya umbo moja kwa skrini ya umbo lingine, uko na njia tatu tu. Uache nafasi tupu, na hiyo ndiyo mistari myeusi. Ukate picha. Ama uivute mpaka watu wawe wanene kama andazi au wembamba kama mlingoti. Hakuna njia ya nne. Mtu akikuahidi video yako "itajaa vizuri" kila mahali, jua ashachagua moja kati ya hizo mbili za mwisho na hajakuambia.

Sasa, haya maumbo yote yalitoka wapi?

Zamani kulikuwa na umbo moja

Miaka ya mwanzo ya 1890, kwa maabara ya Thomas Edison kule Marekani, kulikuwa na jamaa anaitwa W.K.L. Dickson. Yeye ndiye aliyekuwa anahangaika na mashine ya kupiga picha zinazotembea. Alichukua ukanda wa Eastman wenye upana wa milimita 70, akaupasua katikati, akapata ukanda wa milimita 35. Akatoboa matundu pembeni ili mashine iushike na kuuvuta, matundu manne kwa kila fremu. Picha iliyobaki katikati ikawa na upana wa inchi moja na kimo cha robo tatu ya inchi. Inchi moja kwa robo tatu: hiyo ni 4 kwa 3.

Hakukuwa na falsafa yoyote kubwa. Ni jamaa, ukanda na matundu. Lakini kufikia 1909 ukanda wa milimita 35 ulikuwa umekubaliwa kama kiwango cha biashara nzima, na dunia ikaanza kutazama filamu kupitia lile dirisha la Dickson. Sauti ilipokuja mwisho wa miaka ya 1920, mstari wa sauti ulikalia sehemu ya ukanda na picha ikawa karibu mraba. Mwaka 1932 Hollywood ikarekebisha, wakakubaliana 1.37, karibu palepale walipotoka.

TV nayo ilipokua, ikachukua umbo hilohilo, na ilikuwa na maana: filamu za sinema zingeingia kwa TV bila shida. TV ilipofika Kenya mwaka 1962, ilikuja na umbo hilo. Kwa hiyo kwa kipindi kifupi dunia ilikuwa na umbo moja tu, na hakuna aliyekuwa amesikia shida ya mistari myeusi.

Halafu sinema ikaogopa

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walianza kununua TV kwa wingi na kubaki nyumbani. Kumbi za sinema zikaanza kukaa tupu. Studio zikajiuliza: tutampa mtu nini ambacho sanduku lake la sebuleni haliwezi kumpa? Jibu likawa upana.

Tarehe 30 Septemba 1952, New York, wakaonyesha Cinerama: projekta tatu zikirusha picha tatu kando kwa kando kwa skrini iliyopinda, mpaka macho yanajaa. Ilishangaza watu, lakini ilikuwa ghali. Ni ukumbi upi utaweza kuweka projekta tatu?

Studio ya 20th Century Fox ikapata njia rahisi zaidi. Mfaransa anaitwa Henri Chrétien alikuwa ametengeneza lenzi miaka ya 1920 inayobana picha kwa upande. Unapiga mandhari pana, lenzi inaibana iingie kwa ukanda uleule wa kawaida, halafu kwa ukumbi lenzi nyingine inaibanua tena. Fox wakanunua haki zake, wakaiita CinemaScope, na tarehe 16 Septemba 1953 wakatoa The Robe. Uwiano ulikuwa 2.55, karibu mara mbili ya TV. Baadaye ukashuka hadi 2.35, na siku hizi tunasema 2.39.

Studio zingine hazikutaka kubaki nyuma. Paramount walikuwa na filamu ya Shane ishapigwa tayari kwa umbo la zamani la 1.37. Wakaitoa mwaka huohuo wa 1953 wakiiuza kama filamu ya skrini pana. Walifanyaje? Walikata juu na chini wakati wa kuionyesha, basi. Yaani siku ileile upana ulipozaliwa, kukata kwa ujanja nako kukazaliwa. Mimi na zile 300 zangu nilikuwa nafuata nyayo za wakubwa.

Kufikia 1959, Ben-Hur ilitoka ikiwa na uwiano wa 2.76. Huo ni upana wa kutosha kuweka farasi na magari yao yote kwa fremu moja.

Kukata na kusogeza

Sasa sikia utamu wa hadithi. Studio zilipanua picha ili ziikimbie TV. Halafu zikakumbuka kwamba TV inalipa.

Tarehe 23 Septemba 1961, stesheni ya NBC ya Marekani ilianza kuonyesha filamu kila Jumamosi usiku, na ya kwanza ilikuwa How to Marry a Millionaire, filamu ya CinemaScope ya 1953 yenye Marilyn Monroe. Tatizo: utaingizaje picha ya 2.55 kwa sanduku la 1.33? Mistari myeusi waliiogopa. TV zilikuwa ndogo, na waliamini mtu akiona weusi juu na chini atadhani ameibiwa, ama TV imeharibika.

Kwa hiyo dawa ya TV ikawa kukata pembeni. Fundi anakaa na filamu, anachagua ni kipande gani cha kila fremu mtazamaji ataona. Kama mwigizaji anaongea upande wa kushoto, dirisha linakaa kushoto. Akijibiwa kutoka kulia, dirisha linasogezwa kulia. Mimi naita kata-na-sogeza. Ukifanya hesabu, filamu ya 2.35 ikiingia kwa TV ya 1.33 inapoteza asilimia 43 ya picha. Karibu nusu ya kazi ya mtu inabaki sakafuni, na mtazamaji hajui, kwa sababu skrini yake imejaa.

Hapo ndipo penye ujanja wote. Ukiweka mistari myeusi, mtu anaona kuna kitu hakijajaa na analalamika. Ukikata nusu ya picha, haoni kitu na anashukuru.

Anko yangu alikulia akiingia kwa vibanda vya video, vile vya kulipa kidogo mnajazana kwa mabenchi kutazama kanda za kung fu. Anasema kuna mapigano ungeona teke linatoka, sauti ya kipigo unaisikia, lakini anayepigwa hayuko. Yeye alidhani ndiyo mtindo wa Wachina. Hapana. Studio ya Shaw Brothers ya Hong Kong ilipiga filamu zake nyingi za kung fu kwa upana wa 2.35, na waliita mfumo wao Shawscope. Anayepigwa alikuwepo. Alikatwa na mtu aliyehamisha filamu kwa kanda. Na yale majina ya mwanzo ambapo watu wote walionekana wembamba na warefu? Hapo waliacha picha ikiwa imebanwa ili maandishi yatoshee. Sasa anko unajua.

Jamaa aliyeenda kortini

Sydney Pollack alikuwa mwongozaji wa Hollywood aliyependa upana. Filamu yake ya 1975, Three Days of the Condor, ilipigwa kwa 2.35. Mwaka 1991 televisheni ya taifa ya Denmark ikaionyesha ikiwa imekatwa kwa kata-na-sogeza. Pollack akawashtaki.

Hukumu ilitoka 1997. Korti ilikubali kwamba kukata picha vile ni kuikatakata kazi ya msanii, na kwamba haki yake kama mtunzi ilikuwa imevunjwa. Lakini kesi yenyewe alishindwa, kwa sababu za kiufundi za kisheria. Ndiyo venye mambo huenda: uko na ukweli lakini huna ushindi.

Kwa nini nakueleza habari za huyu mzungu? Kwa sababu Pollack ndiye aliyeongoza Out of Africa. Filamu ya 1985, ilipigwa hapa Kenya, ikashinda Oscar saba, ikiwemo ya filamu bora. Hadithi ya shamba lililo chini ya vilima vya Ngong'. Sasa wewe umewahi kusimama Ngong' ukatazama upande wa Bonde la Ufa? Kama kuna mahali duniani panataka picha pana, ni pale. Na Pollack, ambaye kabla ya hapo alipiga filamu zake nyingi kwa upana mkubwa, Out of Africa aliipiga kwa 1.85. Miaka mingi baadaye, alipotengeneza The Interpreter ya 2005 na kurudi kwa 2.39, alikiri kwamba Out of Africa pengine ndiyo aliyopaswa kuipiga pana.

Lakini elewa wakati wake. Miaka ya 1980 kanda za nyumbani zilikuwa biashara kubwa, na mwongozaji yeyote alijua filamu yake itaishia kwa sanduku la 4 kwa 3. Ukipiga pana sana, fundi atakukata. Ukipiga 1.85, utaumia kidogo. Watu wanafikiri kukata picha ni jambo linalofanyika mwishoni, filamu ikishatoka. Si kweli. Ukishajua utakatwa, unaanza kupiga picha kwa uoga.

Kulikuwa na waliokataa. Mwaka 1984 kampuni ya RCA ilitoa Amarcord ya Fellini kwa diski za video ikiwa nzima, na nafasi tupu juu na chini. Woody Allen naye alikataa Manhattan, filamu yake ya 1979 ya picha nyeusi na nyeupe, isikatwe, na kanda zake zikatoka na upana wake wote. Walikuwa wachache, lakini ndio waliotufundisha kwamba mistari myeusi ni ushahidi. Inakuambia: picha iko yote, hakuna mtu amegusa.

16 kwa 9 ilitoka wapi

Hii sehemu ndiyo naipenda sana, na nilifeli hesabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mainjinia walikuwa wanapanga TV mpya ya picha safi, na kila mtu alitaka umbo lake. Injinia anaitwa Kerns Powers akachora mistatili ya maumbo yote yaliyokuwa yanatumika, kuanzia 1.33 ya TV hadi 2.35 ya sinema, akiipa yote eneo sawa. Akaiweka mmoja juu ya mwingine, katikati pakutane. Akaona mstatili mmoja wa nje unaoifunika yote, na mmoja wa ndani ambao wote wanaushiriki. Yote miwili ilikuwa na umbo moja: 1.77 hivi. Hiyo ndiyo 16 kwa 9.

Fanya hesabu uone uzuri wake. Picha ya zamani ya 4 kwa 3 ukiiweka kwa TV ya 16 kwa 9 bila kuikata, inatumia asilimia 75 ya skrini. Filamu ya 2.35 ukiiweka bila kuikata, inatumia karibu asilimia 76. Kila upande unapoteza robo ya skrini, na hakuna anayepoteza hata kipande cha picha. TV yako ilitengenezwa ikijua kutakuwa na mistari myeusi. Ni makubaliano: kila mtu asogee kidogo ili wote tutoshee, kama matatu ya jioni.

Na sisi 2015

Sisi hapa tulikutana na haya maneno kwa fujo. Februari 2015 mitambo ya analogi ilizimwa Nairobi, na stesheni kubwa zikakaa gizani karibu wiki tatu zikizozana na serikali. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kila mtu alikuwa anatafuta king'amuzi.

Sisi tulinunua, tukakiunganisha na TV yetu nzito ya kisogo kwa zile waya za njano, nyekundu na nyeupe. Picha ikaja na weusi juu na chini. Mzee akasema hatuwezi kulipia TV nusu. Akabonyeza rimoti mpaka ikajaa. Wote tukapiga makofi. Wikendi hiyo tukatazama mechi nzima bila kuona matokeo, juu yale maandishi ya mabao yako kwa kona ya juu, na kona ilikuwa imekatwa. Dakika ya 80 mzee anamtuma brathe kwa jirani aulize ni ngapi ngapi.

Hiyo ni kata-na-sogeza bila hata kusogeza. Na hatukuwahi kuirudisha.

Usidhani ni sisi tu. Novemba 2019 huduma ya Disney+ ilipoanza, The Simpsons ya zamani, iliyochorwa kwa 4 kwa 3, iliwekwa ikiwa imekatwa ijae skrini za sasa. Kuna kichekesho maarufu pale: kiwanda cha pombe ya Duff kina matangi matatu ya aina tatu za pombe, na juu yake unaona yote yanajazwa na bomba moja. Kwa picha iliyokatwa, bomba halikuwepo. Yaani kichekesho kilikatwa kikabaki matangi. Mashabiki walipiga kelele, na Mei 2020 wakaruhusiwa kuchagua umbo la asili. Kampuni kubwa kama ile, kosa lilelile la baba yangu na rimoti.

Simu imeturudisha 1961

Sasa tuje kwetu, sisi tunaokula kupitia hii simu. Video ya kawaida ya 16 kwa 9 ukiikata iwe wima ijae simu, unabaki na asilimia 32 ya picha. Filamu ya 2.39 ukiifanyia hivyo, unabaki na chini ya robo. Kata-na-sogeza ya 1961, ile iliyompeleka Pollack kortini, ilikuwa inachukua asilimia 43. Sisi tunachukua zaidi ya 75 na tunaita ni kuediti.

Sisemi video za wima ni mbaya. Mimi mwenyewe napiga wima. Ukipiga wima tangu mwanzo, hiyo ndiyo picha yako, na iko sawa. Shida ni kuchukua kitu kilichopigwa kwa umbo lingine na kukilazimisha. Hapo kuna mtu anakatwa, na mara nyingi ni yule aliyesimama pembeni. Katikati hakukatwi. Anayekatwa ni mzee, mtoto aliyekaa chini kwa nyasi, yule shangazi aliyekataa kusogea karibu.

Kwa hiyo nikipata kazi ya kuhamisha video siku hizi, nafanya hivi.

Kwanza naangalia kama mistari myeusi imo ndani ya video yenyewe ama inawekwa tu na programu ya kuchezea. Badilisha ukubwa wa dirisha kwa kompyuta: kama weusi unabaki ulivyo, umechomewa ndani. Kama unabadilika na dirisha, ni wa programu, usiguse kitu.

Pili, natafuta kitu cha duara: gurudumu, sahani, saa ya ukutani. Kama ni yai, umbo limeharibika. DVD zetu ni pikseli 720 kwa 576, na hiyo si 4 kwa 3 wala 16 kwa 9. Ndani ya faili kuna alama inayoambia mashine ivute picha vipi. Ukihamisha vibaya hiyo alama inapotea, watu wanakonda ama wananenepa. Kwa 4 kwa 3 mimi naitoa ikiwa 768 kwa 576, kwa 16 kwa 9 naitoa 1024 kwa 576, na duara linarudi kuwa duara.

Tatu, kama weusi umechomewa ndani, naukata wenyewe tu, nisiguse picha. Filamu ya 2.39 ndani ya 1920 kwa 1080 ina picha ya 1920 kwa 804, na weusi wa pikseli 138 juu na 138 chini. Tumia namba shufwa, programu nyingi hazipendi witiri. HandBrake na FFmpeg zinaweza kutafuta mpaka zenyewe, lakini zipime kwa sehemu yenye mwanga. Ukipima kwa tukio la usiku, programu itadhani giza la usiku ni mstari mweusi na itakata hadi mtu. Na angalia kama maandishi ya tafsiri yako ndani ya ule weusi, usije ukayatupa.

Nne, nikipakia YouTube siongezi mistari yangu. Wanaiweka wenyewe kulingana na skrini ya mtu. Ukichomea yako, mwenye simu pana anapata weusi pande zote nne na picha katikati kama stempu.

Tano, ile mtindo ya kuweka picha nzima katikati na nyuma ni ileile picha ikiwa na ukungu? Sina noma nayo. Ni mistari myeusi imepaka mekapu. Angalau picha iko yote.

Na ya sita, usifute faili ya asili. Kamwe. Hata kama simu inalia imejaa.

Hiyo ya sita ndiyo iliniokoa. DVD ya mama jirani nilikuwa bado nayo. Nilirudi nikaihamisha tena, picha nzima, umbo lake la 4 kwa 3, weusi juu na chini kwa simu. Nikampelekea mwenyewe mlangoni, sikutaka kutuma. Akaishika simu akaitazama, akasogeza karibu na macho.

"Na hizi nyeusi ni za nini?"

Nikamwambia, "Mama, nikiziondoa hizo, mzee anaondoka tena."

Akanyamaza. Akaicheza mara ya pili, akaweka kidole pale kushoto, kwa kofia. "Basi ziache," akasema. Akanirudishia simu, halafu akaichukua tena.